Mende na mkono wa bandia

Tunaposhika yai, ngozi ya vidole inatuambia bila kukoma: kaza kidogo, legeza kidogo. Mtu aliyekatwa mkono, akivaa wa bandia, hapati habari hiyo. Inampasa kutazama kwa macho kila anachoshika, na hata hivyo kinateleza ao kinapondeka. Wengine wanachoka, wanauweka kando.

Wataalamu wa roboti, nao wanaotafuta namna ya kuipa mashine mguso, wamejifunza kwa mdudu tunayemfukuza jikoni: mende. Yeye amevaa gamba gumu, si ngozi. Basi anasikiaje? Gamba hilo lina vinywele vyembamba vilivyoungana na mishipa ya fahamu. Kinywele kikipinda, habari inakimbia. Vile vya nyuma vinasikia hata upepo wa kandambili inayokuja. Ndiyo maana tunamkosa! Miguuni mna pia vijinundu vidogo vinavyopima jinsi gamba linavyokandamizwa na uzito. Mwingereza J. W. S. Pringle alivichunguza tangu miaka ya 1930.

Huko Marekani, Noah Cowan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliipa roboti papasi kama la mende, lenye vipimo vinavyosikia kupinda. Roboti ikafuata ukuta kwa kuupapasa.

Kwa binadamu, lazima habari ifike mpaka mwilini. Mwaka 2013, huko Roma, Dennis Aabo Sørensen wa Denmark alitiwa waya nyembamba katika mishipa ya fahamu ya mkono uliokatwa. Vipimo katika mkono wa bandia vilisikia jinsi kamba za vidole zinavyovutika, karibu na kazi ya vile vijinundu vya mende. Akiwa amefungwa macho, alitofautisha kitu kigumu na kilicho laini. Baada ya mwezi mmoja waya zilitolewa, kwa ajili ya usalama wake. Kazi ingali inaendelea.

Sisi tunaweza kufanya nini sasa? Mama mwenye mkono wa bandia akisita kumpokea mtoto wetu, tusiseme ana moyo mgumu. Mkono wake hausikii, naye anaogopa kumwumiza. Tumwache akae, atazame vizuri, ndipo tumpakatishe mtoto. Na watoto wakichungulia mende kwa udadisi, tusiwakemee: tuwaulize wameona nini.