Jaji Anayeomba Kura

Wakili wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, anayetaka kuwa jaji wa Court of Common Pleas, mahakama inayosikiliza mauaji, talaka, mirathi na madai makubwa ya fedha, hateuliwi na rais wala hachaguliwi na tume. Anagombea. Anakusanya saini, kamati yake inachangisha fedha kwa sababu yeye mwenyewe amekatazwa kuziomba, anazunguka makanisani na kwenye mikutano ya chama. Kisha anasubiri kopo la kahawa.

Kopo hilo ni kuukuu, la Horn & Hardart, kampuni iliyokuwa na migahawa mjini humo. Wagombea hutumbukiza mkono na kutoa namba, na namba hiyo ndiyo huamua jina litakaa wapi kwenye karatasi ya kura. Si jambo dogo. Mpiga kura hukuta orodha ndefu ya watu ambao wengi wao hajawahi kuwasikia, basi huchagua walio juu. Chama cha mawakili huwapima wagombea na kutangaza nani anafaa, lakini wapo walioambiwa hawafai wakashinda.

Mshindi hukaa miaka 10. Baada ya hapo hana mpinzani: wananchi huulizwa tu kama abaki au aondoke, na karibu wote hubaki.

Wanaoutetea utaratibu huu husema kura humfanya jaji awajibike. Mimi nauliza: kwa lipi? Mwaka 2004 watafiti Gregory Huber na Sanford Gordon walichapisha uchunguzi wa hukumu za majaji wa Pennsylvania, wakaonyesha kwamba vifungo hurefuka kadiri kura inavyokaribia. Mshtakiwa yuleyule, kosa lilelile, anaumia zaidi kwa sababu ya kalenda.

Na kura hiyohiyo haikumzuia jaji Mark Ciavarella wa kaunti ya Luzerne, katika jimbo hilohilo. Alichaguliwa 1995 akijinadi kuwa mkali. Yeye na jaji mwenzake Michael Conahan walipokea dola milioni 2.8 kutoka kwa watu waliojenga na kumiliki vituo binafsi vya kuzuilia watoto, na watoto wakapelekwa huko kwa makosa madogo mno. Binti mmoja aliyemdhihaki naibu mkuu wa shule yake mtandaoni alihukumiwa miezi 3, kesi ikichukua dakika chache, bila wakili. Mwaka 2005, mambo hayo yakiendelea, wapiga kura walisema Ciavarella abaki. Aliyemwondoa ni mwendesha mashtaka wa serikali kuu. Mwaka 2011 alifungwa miaka 28.

Ni kweli kwamba uteuzi nao una maradhi yake. Pennsylvania ilianza kuchagua majaji wote mwaka 1850, wakati watu wa majimbo mengi walipochoshwa na vyeo vya kugawiana. Lakini jimbo la Missouri lilipata njia bora 1940: kwa baadhi ya mahakama zake za jimbo, tume hupendekeza majina 3, gavana huteua mmoja, na wananchi huulizwa baadaye. Pennsylvania ikitaka kuifuata italazimika kubadili katiba: Bunge la jimbo lipitishe pendekezo katika vipindi viwili mfululizo, kisha lipigiwe kura na wananchi walewale.