Miguu ya Mjamzito: Maji Yanatoka Wapi, na Yarudishwe Vipi

Mama mwenye mimba ya miezi minane akibonyeza muundi wake kwa kidole gumba jioni, kisha akaachia, mara nyingi hubaki kishimo kinachojaa taratibu. Viatu alivyovaa asubuhi vimekataa, na mikanda ya kandambili imeacha michoro juu ya mguu. Majirani wana maelezo tayari: amebeba mtoto wa kiume, au anakunywa maji kupita kiasi. Jinsia ya mtoto haihusiki hapa, na maji ya kunywa hayana kosa lolote. Wajawazito wanaovimba miguu ni wengi kuliko wasiovimba, na sababu zake zinafahamika vizuri.

Tangu wiki za mwanzo, homoni za ujauzito huziagiza figo zibakize chumvi na maji ambayo zamani zingeyatoa. Mimba inapokomaa, mwili wa mama umejiongezea lita 6 hadi 8 za maji. Kiasi cha lita 3.5 kiko kwa mtoto, kwenye kondo la nyuma na kwenye maji yanayomzunguka mtoto. Yaliyobaki yamegawanyika kati ya mji wa mimba, matiti, nyama za mwili na damu ya mama, ambayo huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50. Ongezeko hilo lina kazi. Kondo la nyuma linahitaji damu nyingi, na siku ya kujifungua mama atapoteza damu kiasi ambacho mwili wake ulikwisha kukijazia pengo mapema.

Kinachoongezeka zaidi katika damu hiyo ni sehemu yake ya majimaji. Protini iitwayo albumini, ambayo huyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa, huwa nyepesi kwa kuzimuliwa. Mwanafiziolojia wa Uingereza, Ernest Starling, alieleza mwaka 1896 kwamba katika mishipa midogo kabisa ya damu kuna nguvu mbili zinazoshindana: shinikizo linalosukuma maji yatoke, na protini zinazoyavuta yarudi. Kwa mjamzito, mvuto wa protini umepungua. Na miguuni, shinikizo limepanda.

Limepandaje? Mji wa mimba, ambao kabla ya ujauzito una uzito wa gramu 70 hivi, mwishoni hufika kilo moja na zaidi, bila kumhesabu mtoto. Mzigo huo huilalia vena kubwa inayorudisha damu ya miguu kwenye moyo, na vena hiyo hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Ndiyo maana wakunga humwambia mama alalie ubavu wa kushoto: mzigo husogea, njia hufunguka. Zaidi ya hayo, homoni ya projesteroni hulegeza kuta za vena, nazo hutanuka na kuhifadhi damu nyingi kuliko kawaida. Mara nyingi mguu wa kushoto ndio huvimba zaidi kidogo, kwa kuwa vena yake hupita chini ya ateri ya upande wa kulia na kubanwa nayo ndani ya nyonga.

Sasa tuje kwenye nafuu, na hapa kuna namba zinazostahili kukumbukwa. Mtu akisimama wima bila kutikisika, shinikizo katika vena za kifundo cha mguu hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akianza kutembea, hushuka hadi 30 au chini ya hapo. Tofauti hiyo huletwa na kigimbi: kila kinapokaza, huikamua damu juu, na vali ndogo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni yule anayesimama palepale, kama mwalimu mbele ya ubao, mama lishe mbele ya jiko au muuzaji dukani, na pia yule anayekaa kwenye basi la mkoani kutwa nzima miguu ikining'inia.

Mtazame fundi cherehani anayetumia mashine ya kukanyaga. Kisigino kinashuka, vidole vinapanda, kigimbi kinakaza na kulegea, mzunguko baada ya mzunguko. Mwendo huohuo wa kifundo, bila mashine yoyote, ndio zoezi bora kwa mjamzito aliyeketi: apandishe vidole, ashushe, azungushe unyayo, afanye hivyo kwa dakika chache kila saa. Haligharimu kitu, na hata kwenye foleni ya benki linawezekana kwa kuinuka juu ya vidole vya miguu na kushuka.

Kuinua miguu nako kuna namna yake. Kuiweka juu ya kigoda ukiwa umeketi kunasaidia kiasi, lakini mteremko wa kurudi kwenye moyo bado ni mdogo. Afadhali kulalia ubavu wa kushoto, mito au kanga zilizokunjwa zikiwa chini ya miguu ili ipande juu kidogo ya usawa wa moyo, mchana hata kwa nusu saa. Najua wanawake wengi hawaipati nusu saa hiyo. Hapo mume, mama mkwe na watoto wakubwa wana sehemu yao: ndoo za maji na sakafu zinaweza kushikwa na mikono mingine.

Dawa ninayoipenda zaidi ni maji yenyewe. Maji yenye kina cha mita moja huikandamiza miguu kwa takribani milimita 74 za zebaki, karibu sawa na shinikizo lile linalosukuma maji nje ya vena mtu anaposimama. Mjamzito anayesimama au kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni amevaa soksi ya kubana isiyomuumiza popote. Maji yaliyokwama kwenye nyama hurudi ndani ya damu, figo huyatoa, naye atasikia haja ya kukojoa muda si mrefu. Aliye Tanga, Mombasa au Unguja anaweza kuingia baharini pakiwa shwari, akiwa na mwenzake. Beseni la maji ya baridi huliwaza miguu siku ya joto, ila chumvi inayotiwa humo haiyavuti maji kutoka mwilini.

Soksi za kubana zenyewe hufanya kazi zikivaliwa asubuhi kabla uvimbe haujaanza, ingawa katika joto la Dar es Salaam la Januari wachache huzivumilia. Usipunguze maji ya kunywa. Chumvi ile kwa kiasi, usiikate kabisa. Vidonge vya kukojoza usinunue kwa kushauriwa na jirani, maana hupunguza damu ambayo mtoto anaitegemea.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya viatu kubana. Zamani uvimbe ulihesabiwa miongoni mwa alama za kutambua kifafa cha mimba kinachonyemelea. Kufikia mwaka 2000, miongozo mikubwa ya kitaalamu ilikuwa imeuondoa, kwa sababu wengi wenye miguu iliyovimba wako salama, na baadhi ya walio hatarini hawajavimba hata kidogo. Kinachosema kweli ni kipimo: presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba viungo kama ini na figo vinaathirika. Ugonjwa huu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wajawazito duniani, nao una tiba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano za magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Sindano hizo humfaa yule aliyegunduliwa mapema.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8 ya kliniki katika ujauzito mmoja. Kila unapofika, hakikisha umefungwa mkanda wa presha na mkojo wako umepimwa. Wakisahau, waombe, ni haki yako. Ukiona uso au mikono imevimba ghafla, kichwa kinauma bila kutulia, macho yana ukungu, au kuna maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama tarehe ya kadi bado. Vivyo hivyo ukiona mguu mmoja pekee umevimba, una joto na unauma, maana huenda damu imeganda ndani ya vena, au ukikosa pumzi unapolala chali. Na dalili hizi usizipuuze hata baada ya kujifungua: kifafa cha mimba kinaweza kutokea hadi wiki sita baadaye, wakati miguu imekwisha kurudi kwenye viatu vyake.