Elkader: Mji wa Wakulima wa Marekani Wenye Jina la Amir Abdulqadir



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika ukurasa huu tunapenda kuwajulisha habari za mji mdogo ulio mbali sana nasi, lakini jina lake si geni masikioni mwetu.

Uko wapi?

Elkader uko kaskazini mashariki mwa jimbo la Iowa, nchini Marekani. Ni mji wa shamba. Ukitoka nje kidogo unakutana na mahindi na mifugo. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 1,209 tu. Zipo shule kwetu zenye wanafunzi wengi kuliko hao.

Hata hivyo, mji huu ndio makao makuu ya kaunti ya Clayton. Wakulima wa vijiji vya jirani huja hapo kwa mambo ya mahakama na ya ofisi za serikali. Jengo la mahakama ni la karne ya 19 na lina mnara wa saa. Mto Turkey unapita mjini, na juu yake lipo daraja la mawe lililojengwa mwaka 1889.

Jina limetoka wapi?

Mji ulipimwa mwaka 1846. Mmoja wa waanzilishi wake watatu, mwanasheria Timothy Davis, alikuwa akivutiwa na habari za Amir Abdulqadir wa Algeria, aliyekuwa akipigana na jeshi la Ufaransa. Basi mji ukapewa jina lake. Mwanafunzi wa Kiarabu ataona mara moja kilichotokea: waliacha neno "Abd", yaani mja, wakabakisha "al-Qadir", ambalo ni katika majina mazuri ya Allah (S.W.).

Amir huyu ni nani?

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Muaskar, katika nyumba ya elimu na ya tarika ya Qadiriyya. Wafaransa waliivamia Algeria mwaka 1830. Miaka miwili baadaye watu walimpa baia, naye akiwa na umri wa miaka 24. Alipigana miaka 15. Alikataza mateka wasiteswe, na iliwahi kutokea kuwa hana chakula cha kuwalisha, akawaachia huru.

Mwaka 1847 aliweka silaha chini kwa ahadi kwamba angeachwa aende nchi za Mashariki. Ahadi hiyo ilivunjwa, akafungwa Ufaransa hadi mwaka 1852.

Baadaye alihamia Damascus. Mwezi wa Julai 1860 ghasia zilizuka, Wakristo wa mji huo wakawa wanauawa. Amir na wafuasi wake wa Algeria waliingia mitaani kuwatafuta, wakawahifadhi nyumbani kwake, na maelfu wakaokoka. Angeweza kusema kwamba Wakristo ndio waliochukua nchi yake na kumvunjia ahadi. Hakusema hivyo, kwani majirani wale hawakuwa wamemkosea, na dini yetu haituruhusu kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine. Ufaransa yenyewe, adui wake wa jana, ilimpa nishani ya heshima. Alifariki Damascus mwaka 1883.

Udugu wa miji miwili

Tangu mwaka 1984 Elkader na Muaskar ni miji ndugu. Mwaka 2008 mto Turkey ulifurika na kuharibu nyumba za watu, na serikali ya Algeria ikapeleka msaada wa fedha. Mwaka 2009 ulianzishwa hapo mradi wa elimu wenye jina la Amir, kwa ajili ya kuwafundisha vijana maisha yake.

Tunajifunza nini?

Tuangalie tarehe. Mji ulipewa jina mwaka 1846, na tukio la Damascus ni la mwaka 1860. Wakulima wale walipokea jina la mtu wasiyemjua vizuri, na miaka 14 baadaye yeye akalitia jina hilo heshima zaidi. Amir hakuhubiri Iowa wala hakuwahi kufika huko. Tabia yake ndiyo iliyofika.

Nasi, wapenzi wanafunzi, tunaitwa Abdulqadir, Fatma, Ali na Khadija. Majirani zetu wasio Waislamu hawasomi vitabu vyetu. Wanatusoma sisi, dukani, shuleni na njiani. Tujiulize wanasoma nini.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa na tabia njema. Amin.