Ganda la Risasi Si Shaba ya Kuchezea

Mvua kubwa zinaponyesha mjini Bujumbura, udongo wa mabondeni na kando ya mito huporomoka na kufunua vitu vilivyofukiwa miaka mingi. Miongoni mwa vitu hivyo ni maganda ya risasi, masalia ya vita vilivyoanza mwaka 1993 na ya misukosuko iliyofuata. Mtoto huliokota ganda akalifanya filimbi. Mkusanyaji wa vyuma chakavu hulitia guniani. Fundi hulisugua mpaka ling'ae kama dhahabu. Tumeona vema tueleze kitu hicho ni nini, kwa nini watu hukisafisha, na makosa gani huleta msiba.

Risasi nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki ndogo iliyo kitakoni inayowasha baruti, na ganda linaloshika vyote hivyo pamoja. Pini ya bunduki ikiigonga fataki, baruti huwaka, kichwa hutoka, na ganda hutupwa nje. Kwa kawaida ganda hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, yapata sehemu 70 kwa mia, na zinki, yapata sehemu 30. Kwa sababu hiyo lina thamani kwa muuza vyuma.

Katika nchi kadhaa, hasa Marekani, wako wapiga shabaha wanaookota maganda yao wenyewe, wakayasafisha na kuyajaza upya. Huyatia katika pipa dogo linalozungushwa na mashine pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maji ya sabuni na vijiti vidogo vya chuma cha pua. Kisha hulikagua ganda moja moja, wakalitupa lenye ufa. Hata hao, wenye vifaa na vitabu vya vipimo, hukosea. Akitumia siki kali kwa muda mrefu, zinki hutoka, ganda likageuka rangi ya waridi na kudhoofika. Akitumia dawa yenye amonia, shaba hupasuka polepole. Jambo hilo liliwasumbua Waingereza huko Uhindi katika karne ya 19, kwani risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka kwa sababu ya mvuke wa amonia itokayo katika mkojo wa wanyama. Akilikausha juu ya moto mkali, ganda hulainika, na likijazwa tena laweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Hapa kwetu, kutengeneza au kujaza risasi bila idhini ni kosa. Silaha ndogo na nyepesi zina sheria yake ya tarehe 28 Agosti 2009, na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004. Lakini wengi wanaoyasugua maganda hawana nia ya kuyajaza. Wanatafuta shaba tu. Basi tuyataje makosa yao.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila kinachong'aa ni shaba. Maganda mengi ya bunduki aina ya Kalashnikov ni ya chuma, yakapakwa shaba kidogo au rangi. Yakiwekewa sumaku hunata. Mtu aweza kuhatarisha vidole vyake kwa ajili ya kitu kisicho na bei.

Kosa la pili, nalo ndilo baya kuliko yote, ni kuichukua risasi nzima kwa kudhani ni ganda. Wengine huona alama ya pini juu ya fataki, wakasema, "Hii imekwisha kulia." Sivyo. Risasi iliyogongwa ikakataa kufyatuka ina alama hiyo hiyo, na baruti yake ingali ndani. Ikipigwa nyundo, ikibanwa katika jiliwa, au ikitupwa ndani ya chungu cha kuyeyushia, hulipuka. Ganda lenyewe hupasuka vipande vipande, na kipande kimoja chatosha kumpofusha mtu. Kutu na matope haviiondolei risasi hatari yake.

Kosa la tatu ni kulisahau vumbi. Lugha yetu imetuonya tangu zamani, kwa maana neno risasi ndilo pia jina la madini yale mazito yenye sumu. Masizi meusi yaliyomo ndani ya ganda, hasa karibu na fataki, kwa kawaida huwa na madini hayo. Anayelisugua likiwa kavu huyavuta puani, kisha hula kwa mikono ile ile. Kwa mtoto, sumu hiyo hudhuru ubongo, na wataalamu wa afya hawajapata kiwango chake chochote wanachoweza kukiita salama.

Kosa la nne hudhuru watu wengine. Ganda lililoanguka mahali palipotokea uhalifu ni shahidi. Mahali lilipolala husaidia kuonyesha mpigaji alisimama wapi. Mikwaruzo yake huweza kulinganishwa na bunduki inayoshukiwa. Alama zilizochapwa kitakoni mara nyingi hutaja kiwanda na mwaka. Tunakumbuka Gatumba, mlangoni mwa mji wetu, ambako usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 waliuawa wakimbizi zaidi ya 150. Maganda yaliyookotwa pale yalionyesha kwamba risasi zilitengenezwa Uchina, Bulgaria na Serbia. Hayakuweza kueleza zilipita njia gani hata zikafika kambini. Lakini hayo machache yalijulikana kwa kuwa maganda yalikuwapo, wala hayakuwa yameyeyushwa kuwa kitasa cha mlango. Anayeokota ganda penye damu, akalisafisha, amemfunga mdomo shahidi ambaye wafiwa walikuwa wakimngojea.

Basi tunawaomba wananchi, na hasa ndugu zetu mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu, mambo haya. Ukiona ganda, risasi au kitu usichokitambua, usikiguse, usikisogeze, wala usikitupie jiwe. Weka alama mbali kidogo nacho, kama tawi au kitambaa, uwazuie watoto, kisha umwarifu kiongozi wa mtaa au kituo cha polisi kilicho karibu. Ukikikuta ndani ya gunia la vyuma ulilokwisha kununua, usikitoe. Wasogeze watu, utuite hapo hapo. Ikiwa umekwisha kushika maganda, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kabla ya kumbeba mtoto.

Twajua kwamba baadhi ya watu husita kutuarifu wakihofia kuulizwa, "Umekipata wapi?" Hofu hiyo twaielewa, na sisi tulio polisi tuna wajibu wa kuiondoa kwa namna tunavyompokea anayekuja. Aliyekuja kuonyesha hatari ameukinga mtaa wake, naye astahili kusikilizwa kwa heshima na kurudi nyumbani kwa amani.