MZIGO UKAE WAPI? Mashua za Tanga na Mstari wa Maji Hapa Port Bell

Wafanyakazi wenzetu wanaopakia mizigo ufukoni hapa Port Bell wanaijua sana sauti ya mwenye mali: "Ongeza moja tu." Gunia moja tu la mkaa, kreti moja tu ya soda, abiria mmoja tu ambaye ni shemeji yake fulani. Mpakizi hulipwa kwa gunia, kwa hiyo huongeza. Nahodha ni mtu wa kuajiriwa, kwa hiyo hunyamaza. Mashua huondoka, na mwenye mali hubaki nchi kavu. Katika ukurasa huu twataka kueleza gunia hilo moja hufanya kazi gani likishaingia chomboni, maana mara nyingi tumewasikia wenzetu wakibishana juu ya idadi ya magunia bila kuuliza yamewekwa wapi.

Bandari hii ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Waingereza tangu 1906 hadi 1909. Meli kubwa zinazofunga gatini huwa na alama ubavuni zinazoonyesha zimezama kiasi gani. Mashua za mbao zinazofunga pembeni, zile zinazokwenda visiwani na kurudi, nyingi hazina alama yoyote. Vyombo vya mashine siku hizi ni vingi kuliko vya tanga, lakini tanga halijatoweka ziwani. Hata katika hesabu za vyombo vya uvuvi zinazosimamiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, vyombo vya tanga vimekuwa vikihesabiwa peke yao. Tena chombo cha tanga ndicho mwalimu mzuri wa jambo hili. Kwenye mashine, petroli huficha upakizi mbaya. Kwenye tanga, upakizi mbaya hujulikana kabla hujafika nje ya ghuba.

Tanga lenyewe si la kale sana hapa. Mitumbwi mikubwa ya Ssese, ile ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi juu ya gogo moja la mkuku, ilikwenda kwa makasia. Watu wa pwani ndio walioleta jahazi. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro alikuwa akiunda jahazi lake kule Ukerewe. Pamoja na jahazi yalikuja maneno ambayo twayatumia hapa chini: omo, yaani mbele ya chombo, tezi, yaani nyuma, na ngama, yaani pale chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika.

HESABU YA GUNIA

Tuchukue mashua ya kawaida yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 1 na nusu pale inapokatwa na maji. Kwa kuwa imechongoka mbele na kubana nyuma, eneo lote linalokatwa na maji ni yapata mita za mraba 8. Lita moja ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo 1. Basi hesabu ni nyepesi: kila kilo 80 zinazoingia huizamisha mashua hiyo sentimita 1. Gunia la kilo 100 ni sentimita 1 na robo. Mtu mzima ni karibu sentimita 1.

Sasa tuseme mashua ikiwa na mabaharia wake tu, ukingo wake uko sentimita 60 juu ya maji. Pakia magunia 12, zinabaki sentimita 45. Pakia 20, zinabaki 35. Pakia 30, zinabaki kama 22. Mwenye mali hutazama akasema mbona bado inaelea? Ni kweli inaelea, mradi imesimama wima. Lakini mashua ya tanga haisimami wima. Upepo huilaza, na hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Yenye sentimita 45 yaweza kulala kama nyuzi 31 kabla ukingo haujagusa maji. Yenye sentimita 22 hulala nyuzi 16 tu, na maji yaanza kuingia. Nyuzi 16 si dhoruba, ndugu. Ni upepo wa kawaida wa alasiri pamoja na wimbi moja la ubavuni.

Wako wanaosema kwamba maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari, na kwamba hiyo ndiyo sababu vyombo vyetu huzama sana. Kwa meli kubwa tofauti hiyo huonekana, na ndiyo maana meli huchorwa alama ya maji baridi juu ya ile ya maji ya chumvi. Kwa mashua yenye uzito wa tani 2 na mzigo wake, tofauti haifiki sentimita 1. Twaomba hoja hiyo isitumiwe tena kuwatetea wenye kuzidisha mzigo.

OMO NA TEZI

Uzito kamili ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali. Katika mashua hiyohiyo, gunia moja la kilo 100 likiondolewa katikati na kusukumwa mita 4 hadi mwisho wa tezi, tezi huzama karibu sentimita 5 na omo huinuka kiasi hicho. Gunia halikuongezeka, lakini mashua ni nyingine. Ikizama tezi kupita kiasi, hukokota maji nyuma yake, huenda polepole, omo husukumwa na upepo, na nahodha akitaka kugeuza chombo kukabili upepo hukataa. Wimbi la nyuma nalo hupanda ndani bila hodi.

Ikizama omo mambo ni mabaya zaidi, na kwa Port Bell yafaa tuyafahamu vizuri. Sisi tuko ndani ya ghuba ya Murchison, nchi kavu iko kaskazini na ziwa kusini. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Ndiyo maana mashua ya tanga hupenda kutoka alfajiri na kurudi alasiri, na safari zote mbili upepo huwa nyuma yake. Chombo kilichozama omo, kikisukumwa kutoka nyuma, huchimba maji kama jembe. Omo hunasa wimbini, tezi hubaki jepesi, usukani huinuka na hauna maji ya kushika, na chombo hujigeuza ubavu ghafla mbele ya wimbi linalofuata. Wenzetu wengi wanaposimulia kwamba "mashua ilijigeuza yenyewe," mara nyingi kisa kilianzia ufukoni, kwa mpakizi aliyeanzia omo kwa kuwa omo ndiyo iliyokuwa karibu na nchi kavu.

Kwa hiyo anzia katikati, chini, ngamani, kisha endelea pande zote mbili kwa kiasi kile kile, na uache omo na tezi vikiwa vyepesi vipate kupanda wimbi. Mwisho, tezi lizame vidole viwili vitatu kuliko omo. Upepo ukiwa dhaifu, baharia mmoja asogee mbele. Ukikaza, arudi nyuma na upande wa joshini, kule upepo unakotoka. Watu ndio mzigo unaoweza kuhama, basi wahamishwe kwa amri ya nahodha, si kwa kupenda kwao. Methali ya pwani isemayo kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hutumiwa siku hizi kwa watu wanaorudi nyumbani, lakini mpakizi aweza kuichukua kama ilivyo.

Mkaa una hila yake. Gunia la mkaa ni jepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo hupangwa juu hata kupita ukingo, na lundo lenyewe huwa kama tanga la pili lisiloweza kushushwa. Mvua ikinyesha, magunia ya juu hunywa maji na kuwa mazito palepale pabaya. Mchanga kinyume chake hukaa chini vizuri, lakini huzamisha kabla hujatambua, kwa kuwa lundo lake huonekana dogo. Na maji ya ngamani yasidharauliwe. Maji hayo hukimbilia upande ule ule chombo kinapolalia, yaani husaidia upepo kukipindua. Kuyateka kabla ya kutweka tanga ni kazi ya lazima.

Mambo haya si ya mashua peke yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, yenye nafasi ya abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza, na idadi ya waliokufa iliyotangazwa ilikuwa 894. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Ilielezwa kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe MV Templar kilizama upande wa Mukono, hapa hapa kwetu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Katika mashua yetu ya mita 8, mtu mmoja tu akihama kutoka katikati hadi ukingoni huulaza upande huo sentimita 5 hivi.

Mstari wa kupakilia una historia inayotuhusu sisi wafanyakazi. Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, alipigana miaka mingi na matajiri waliotuma baharini meli zilizozidishiwa mzigo. Sheria ilipita 1876, na kila meli ikalazimika kuchorwa mstari. Lakini mahali pa kuuchora aliachiwa mwenye meli! Inasimuliwa kwamba mmoja wao aliuchora kwenye dohani. Ilipofika 1890 ndipo mahali pake palipowekwa kisheria. Plimsoll mwenyewe aliwahi kuwa rais wa heshima wa chama cha mabaharia.

Leo Uganda ina sheria yake ya usafiri wa majini ya 2021, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya 2007. Hatuwezi kusema kwamba hakuna sheria. Tunachotaka ni mstari wa rangi nyeupe kwenye kila mashua ya mzigo, pande zote mbili, omo, katikati na tezi, uchorwe mashua ikiwa katika maji matulivu, mbele ya nahodha na mwakilishi wa wapakizi. Kwa mashua ya mita 8 twapendekeza ukingo, pale ulipo chini zaidi, usipungue dhiraa moja juu ya maji, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kila mpakizi anacho kipimo hicho mwilini mwake. Mwenye mali atalalamika kwamba magunia 20 yamekuwa 12. Basi alipe safari ya pili, na malipo ya mpakizi yahesabiwe kwa siku badala ya gunia, asije akashawishika kuuzamisha mstari ili apate chakula cha jioni.

Jambo moja zaidi kuhusu gunia lenyewe. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la 1967, linasema mzigo unaobebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la kilo 100 huvunja mgongo wa mpakizi, na kwa kuwa ni zito hutupwa pale linapoangukia. Gunia la kilo 50 hupangwa unapotaka.