Nchi Nzima Juu ya Meza: Faida ya Mfano wa Kadibodi

Wako watu wengi ambao, wakimwona mtoto wa shule akikata kadibodi na kuipaka gundi, hudhani kwamba anacheza tu. Lakini kazi hiyo ikifanywa kwa kipimo cha haki, yaweza kuwapa watu wa mahali picha ya nchi yao iliyo wazi kuliko ramani. Leo twapenda kueleza jinsi inavyofanywa, na kwa nini yafaa kwa watu wa Zombe na sehemu nyingine za Kitui.

Katika ramani, mwinuko wa nchi huonyeshwa kwa mistari iitwayo kontua. Kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja. Karani aliyefundishwa huisoma bila taabu. Bali mzee aliyechunga ng'ombe tangu utoto wake, naye anajua kila kijito na kila njia ya mifugo, huiona kama nyuzi zilizotatana. Nchi anaijua sana. Ramani ndiyo asiyoizoea.

Basi mistari hiyo hugeuzwa kuwa vilima vya kushikwa kwa mkono. Tuseme mnataka mfano wa mahali penye upana wa kilometa 5 na urefu wa kilometa 5, kwa kipimo cha 1 kwa 10,000. Kila sentimita 1 itakuwa mita 100, na mfano wote utakuwa wa sentimita 50 kwa 50. Ikiwa kontua hupishana mita 20, kila tabaka la kadibodi liwe na unene wa milimita 2, na kilima cha mita 300 kitahitaji matabaka 15. Mkiwa na kadibodi ya milimita 4, vilima vitaonekana virefu mara mbili; hilo si kosa, mradi liandikwe ukingoni ili mtu asidanganyike.

Kwa kila tabaka, nakilini kontua yake kwa karatasi ya kaboni, kisha kateni na kutupa sehemu iliyo chini ya mstari. Chorani pia kontua inayofuata juu yake, ili mjue tabaka la pili litakaa wapi. Gundi ipakwe nyembamba hata pembeni, maana ikizidi maji, kadibodi hujikunja. Wekeni mawe juu yake mpaka ikauke. Gundi ya unga ni rahisi, lakini huvuta mende. Gundi nyeupe ya maseremala ni bora. Na katika nchi ya mchwa, mfano usiwekwe sakafuni hata usiku mmoja.

Kazi hii imekwisha kufanywa katika Kenya. Mwaka 2006 Waogiek wa Nessuit, katika sehemu za Nakuru, walijenga mfano wa msitu wa Mau ya Mashariki kwa kipimo hicho cha 1 kwa 10,000, wakisaidiwa na chama cha ERMIS Africa. Wazee waliuzunguka, wakaonyesha msitu ulivyokuwa katika miaka ya 1920. Katika mifano ya namna hiyo, pini huonyesha mahali pamoja, kama kisima; uzi huonyesha mto au njia; na rangi huonyesha shamba au msitu. Mambo yaliyokuwa katika vichwa vya wazee yakawa mbele ya macho ya vijana.

Lakini tusipewe matumaini ya uongo. Mfano si hati ya ardhi. Kesi ya Waogiek dhidi ya Serikali ya Kenya ilipelekwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, wakapewa haki tarehe 26 Mei, 2017. Hata hivyo, mwaka 2023 baadhi yao walifukuzwa tena msituni. Kadibodi haimzuii mwenye nguvu. Huwasaidia watu wenyewe kuijua nchi yao na kuisemea kwa kauli moja.

Kwa watu wa Zombe, jambo kubwa ni maji. Mito mingi ya Kitui ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa katika kaunti hiyo tangu miaka ya 1990. Bwawa la namna hii hutaka mwamba chini ya mchanga, kingo imara, na mahali ambapo mto umebanwa. Mfano huonyesha mahali mto ulipobanwa. Kina mama wachotao maji huonyesha mchanga unaokawia kukauka. Wazee huonyesha mwamba. Kisha fundi huenda kupima. Vivyo hivyo makorongo yataonekana yanaanzia shamba gani, na ugomvi wa jirani na jirani utapungua.

Neno moja la tahadhari. Mfano huonekana na kila aingiaye. Kabla ya kuchomeka pini, wazee na waamue ni mambo gani yasiyopaswa kuonyeshwa kwa wageni, kama vile mathembo ya kale. Na mfano ukae mahali pa watu wote, wala usiwe mali ya mtu mmoja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi na maji ndiyo mali yetu kubwa. Walimu, wazee na vijana wakikaa meza moja kwa kadibodi, kisu na gundi, daftari hilo litaanza kuandikwa.