BARABARA YA UDONGO SI ARDHI TUPU

Mtu atazamapo ramani ya kiwanja huhesabu nyumba, visima na vyoo; barabara ya udongo huipita kama kwamba ni ardhi tupu. Sisi twasema hilo ni kosa, na Mtendeli yatupa sababu.

Kambi ya Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, ilifunguliwa tena Januari 2016 ili kuwapokea wakimbizi wa Burundi waliozidi nafasi ya Nyarugusu, Kasulu. Mwaka 2021 ilifungwa, na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta, Kibondo. Nyumba ya matofali mabichi ikivuliwa paa, mvua huirudisha kuwa udongo. Bali barabara iliyoshindiliwa na malori na miguu ya maelfu ya watu haisahau upesi. Hainywi maji, nyasi huikataa, na mvua huteremka juu yake kama juu ya bati.

Kanuni za Sphere, zifuatwazo na mashirika ya misaada, hutaka kila mtu kambini apate meta za mraba 45, barabara zikiwamo. Na kila baada ya meta 300 za majengo uachwe uwazi wa meta 30 wa kuzuia moto. Ni kanuni njema. Lakini kuitengea barabara nafasi si kuyahesabu maji yake.

Huko Marekani, kanuni za LEED za majengo yanayotunza mazingira hutenga ardhi iliyokwisha kujengwa au kutiwa lami na ardhi isiyojengwa. Shamba lililofyekwa huwekwa katika fungu la pili. Barabara ya udongo yasimama katikati: haina lami, wala si pori tena. Mpimaji akiiita ardhi tupu, maji yake hayamo katika hesabu. Lakini yatamfikia mkulima wa bondeni pamoja na udongo yaliouchukua njiani.

Yatupasa basi, tupangapo shule, zahanati au kambi, kuihesabu barabara ya udongo pamoja na mapaa. Ikate mteremko kwa ubavu, isiteremke moja kwa moja. Ipewe mifereji na mashimo ya kupokea maji. Na siku ya kuondoka, ilimwe kwa jembe na kupandwa miti.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika vilima vya Buha, asiyeuziba mfereji mdogo leo atalijengea korongo daraja kesho.